Kila Saa Nane

Ndugu zangu wa mtaa huu, na ninyi wa mbali mtakaofikiwa na maneno haya, sogezeni viti. Nina jambo la nyumbani kwetu. Najua wapo watakaosema mambo ya ndani hayatolewi nje, na kweli yapo ambayo sitayatoa hata mkinibembeleza. Hili nalitoa kwa ruhusa ya mwenyewe, shemeji yangu, aliyeniambia kwa kinywa chake, "Shemeji, liseme, na usipunguze." Nami ni fundi cherehani, kupunguza napunguza nguo tu.

Shemeji huyu amemwoa mdogo wangu. Kazi yake ni kutoa dawa dirishani katika kituo cha afya, na ameifanya miaka ishirini na saba. Jina lake halisi halitumiki mtaani. Watu wanamwita Kutwa, kwa sababu kila mgonjwa aliyefika dirishani kwake aliondoka na maneno haya masikioni: "Hizi ni kutwa mara tatu. Asubuhi ukiamka, mchana ukishakula, usiku ukienda kulala. Umenisikia? Haya, kutwa mara ngapi?" Na mgonjwa haachiwi bahasha mpaka ajibu. Watoto wa mtaani walikuwa wakimwona anapita wanaimba, "Kutwa mara ngapi?" naye anawajibu kwa vidole vitatu hewani, anacheka, anaendelea na safari yake.

Basi Jumapili moja mchana nilikwenda kwao kupeleka sare za watoto nilizozipanua viuno. Nilimkuta barazani, trei ya maharage mapajani, kisu butu mkononi, anamchambulia mkewe. Alikuwa anayasukuma maharage matano matano kama vidonge, midomo inahesabu yenyewe. Redio inasema polepole. Mdogo wangu yuko uani anafua.

"Shemeji," nikamwambia, "hayo ni maharage. Hakuna dozi hapo."

"Mkono ukishazoea, haujui Jumapili," akanijibu. Tukacheka. Ilikuwa nyumba ya amani, nawaambia kweli. Mwanamume anayemchambulia mkewe maharage si mtu mbaya, na naomba mlikumbuke hilo mbele ya safari.

Mara mdogo wangu akatoka uani, mikono ina povu, ameshika karatasi iliyolowa.

"Hii nimeitoa mfukoni mwa koti lako," akamwambia mumewe. "Nini hii?"

"Karatasi za kazini."

"Ina muhuri. Ina majina yako yote matatu. Wanakuita mafunzo, wiki sita, kila Jumanne na Alhamisi. Na wanasema hii ni barua ya pili." Akaikunjua vizuri zaidi. "Ya kwanza iko wapi?"

Kutwa akaendelea kusukuma maharage. "Sitakwenda," akasema. Na kuanzia hapo amani ya nyumba ile ikaanza kuchuja kama kitambaa kibaya kwenye maji.

Ngoja niwaeleze mafunzo yenyewe, maana bila hayo hamtaelewa ugomvi. Zamani kazi ya mtoa dawa ilikuwa kuhesabu na kukabidhi. Dirisha lina tundu, mgonjwa anainama, mkono unapita, basi. Siku hizi kazi imepanuka. Kituo kilitenga chumba kidogo chenye pazia na viti viwili, na mtoa dawa anatakiwa akae na mgonjwa uso kwa uso. Amuulize anakunywa dawa gani nyingine, maana kuna dawa zinazogombana tumboni. Ampime presha. Amweleze, kisha amwombe arudie alichoelewa. Akibidi amfuate mpaka nyumbani. Ila kukaa katika chumba kile lazima uwe na cheti cha mafunzo. Asiye nacho atabaki dirishani, ahesabu na kukabidhi, na maelezo mgonjwa atayasoma kwenye lebo inayotoka kwenye mashine mpya.

Wengine wote walikwenda. Kutwa akasusa.

Sababu yake hakuisema siku ile. Niliichimbua mimi siku nyingine, alipokuja kibandani kwangu kushonewa kifungo. Mwalimu wa mafunzo alikuwa mfamasia wa kituo, binti ambaye miaka kumi na miwili nyuma alikuja pale akiwa mwanafunzi, hajui hata kushika kijiko bapa cha kuhesabia. Kutwa ndiye aliyemfundisha. Vidonge alivyomwaga binti yule sakafuni wiki ya kwanza, Kutwa alivisimulia mtaa mzima.

"Sasa leo nikae kwenye benchi, yeye ashike kalamu ya ubao?" akaniuliza. "Aniulize swali mbele ya watoto, nikikosa je?"

"Utajifunza. Mimi mashine ya kudarizi nilifundishwa na binti niliyemfundisha kutunga uzi kwenye sindano. Nilikufa?"

"Shemeji, nguo ikikosewa inafumuliwa."

"Ndiyo maana uende wewe," nikamwambia. "Zako hazifumuliki."

Akainama, akakitazama kifungo. Nilimwona kabisa kwamba anaogopa. Kumbe miaka ishirini na saba yote ameiweka kwenye maneno matatu ya kusifiwa na watu, na anahofia mtu akiyagusa yataanguka. Ningemwonea huruma siku ile, labda ningemsaidia. Badala yake nilimtania.

Kisha akatoa mfukoni lebo moja, ya mashine mpya. "Hebu soma hii."

Nikasoma: *Kidonge 1 kila saa 8.*

"Saa nane ni saa ngapi?" akaniuliza.

"Ya mchana. Watu wakimaliza kula."

Akapiga paja. "Umeona? Mashine inataka umeze kila zikipita saa nane. Mara tatu kwa siku. Lakini mgonjwa wetu atasubiri saa igonge nane. Atameza saa nane mchana, akijitahidi sana ataamka saa nane usiku. Mashine haijui Kiswahili, shemeji."

Tukacheka mpaka sindano ikanidunga. Nilipofuta machozi nikamuuliza, "Umewaambia?"

Uso ukajikunja. "Waliosoma si wapo? Mimi ni wa dirishani."

"Ukisusa, wenzio wala."

"Na wale," akasema, akachukua koti lake akaondoka. Nami nikarudi kwenye kazi zangu. Ndugu zangu, hapo mnihesabu na mimi. Nilisikia, nikacheka, nikaacha lipite. Kituo hakikuwa mbali, na miguu ninayo.

Mfamasia yule hakukata tamaa. Jumamosi iliyofuata alikuja nyumbani kwao mwenyewe. Kutwa alipomsikia anabisha hodi akakimbilia chumbani, akamnong'oneza mkewe, "Sema nimetoka." Mdogo wangu, ambaye uongo haumkai mdomoni, akamwambia mgeni, "Anasema ametoka."

Binti wa watu akatazama chini, akaona makobazi ya Kutwa mlangoni. Akatabasamu. "Basi mwambie mwalimu wangu makobazi yake yamenikaribisha vizuri." Bado anamwita mwalimu, mnasikia? Akaacha bahasha. "Naomba ayasome haya kwa nafasi yake. Nahitaji jicho lake."

Kutwa aliitoa mezani bahasha ile, akaisukuma chini ya redio bila kuifungua. Nyumbani napo pakaanza kuwa na maneno. Mwanawe wa kiume akiambiwa akasome anajibu, "Mbona baba hataki kusoma?" Mdogo wangu akisema neno, mumewe anatoka nje. Na kazini aliamua kuitii ile sheria neno kwa neno, kwa hasira. Wamesema asiye na cheti asitoe maelezo, basi yeye hata "pole" hasemi. Anahesabu, anabandika lebo, anasukuma bahasha, anaita anayefuata. Dirisha lililozoea kuuliza "kutwa mara ngapi" likawa bubu.

Sasa nawaletea mama yetu.

Mama anaishi ng'ambo ya soko na mjukuu wake wa miaka kumi na mmoja, na ana kisukari. Mwenye kisukari mguu wake huacha kusema. Alikanyaga msumari asubuhi, akaja kugundua jioni anapovua kiatu, soksi ina damu. Alhamisi akaenda kituoni, daktari akamsafisha, akamwandikia vidonge ishirini na kimoja vya kuzuia kidonda kisioze. Akapanga foleni ya dirisha. Siku hiyo mfamasia na watoa dawa wengine wote walikuwa mafunzoni. Dirishani yuko Kutwa peke yake, na nyuma yake amesimama mkuu wa kituo, mama mmoja mkali mwenye miwani, anapekua kabati.

Kutwa alipomwona mkwewe alisimama, akamwamkia, akampa bahasha kwa mikono miwili. Adabu zote.

Mama akamuuliza, "Mwanangu, nizinyweje?"

Kutwa aliniambia baadaye kilichomwingia wakati ule. Jibu lilikuwa ulimini. Lakini mkuu yuko nyuma, na yeye alitaka mkuu asikie, aone sheria yao ilivyo ya ajabu, mtu asiweze hata kumweleza mkwewe dawa. Basi akapaza sauti kidogo, akasema:

"Imeandikwa hapo, mama. Mjukuu atakusomea."

"Haya, Mungu akubariki," mama akasema, akaondoka anachechemea.

Mkuu hakusikia chochote. Alikuwa anatafuta funguo za stoo.

Mjukuu alisoma vizuri, maana ana akili. Kidonge kimoja kila saa nane. Mama akafikiri, akasema, "Saa nane ziko mbili, mjukuu wangu. Tega simu." Na wakatii wale watu wawili kama askari. Ya mchana hawakuikosa, na ya usiku mtoto aliamka na mlio wa simu, akampelekea bibi maji na kidonge, kisha akaenda shule anasinzia juu ya daftari.

Mimi nilikuwa na oda ya sare arobaini za kwaya, sikwenda kumwona. Nilikwenda Jumanne asubuhi. Nilipofungua mlango nikakutana na harufu. Mguu umevimba mpaka kifundoni, vidole viwili vimekuwa vyeusi, na mama ana homa, anamwita marehemu baba amfungulie mbuzi. Sijui nilipata wapi nguvu. Nilimbeba mpaka barabarani.

Hospitali kubwa walimpokea, wakamtundikia dripu, wakamchoma sindano. Mchana homa ikashuka kidogo, akatutambua. Tulikuwa mimi, mdogo wangu na daktari. Kutwa alifika anahema, bado amevaa koti jeupe la kazi. Na nyuma yake akaja mfamasia, kwa kuwa ukumbi wa mafunzo ulikuwa hospitali hiyohiyo na alikuwa amesikia.

Binti yule hakuanza na daktari. Alipiga magoti kando ya kitanda mpaka uso wake ukalingana na wa mama.

"Bibi, hebu nifanye mimi ndiye mgonjwa. Hizi dawa nizinyweje?"

"Saa nane, mwanangu," mama akamjibu kwa sauti ya mtu aliyefanya kazi yake. "Ya mchana na ya usiku. Ya usiku mtoto ndiye anayeamka, maskini. Sijakosa hata moja."

Mfamasia akaimwaga bahasha kiganjani, akahesabu. Vilibaki kumi na kimoja. Akaniambia vilipaswa kubaki sita au saba. Akaisoma lebo mara ya kwanza, akaisoma tena, kisha rangi ikamtoka.

"Lebo hii niliiandika mimi," akamwambia daktari. "Kosa ni langu."

Ndugu zangu, mlango ulikuwa wazi pale. Kutwa angeweza kupita, akatoka safi. Aliyejua ni mimi tu, nami ni shemeji yake, na sijui kama ningethubutu kufungua mdomo. Mkewe yuko pale, mama wa mkewe amelala pale, kazi yake iko ukingoni. Alisimama ameshika chuma cha kitanda.

"Si lako peke yako," akasema. "Mimi niliiona. Siku ya kwanza niliiona, nikaicheka, nikanyamaza makusudi. Na mama aliniuliza azinyweje. Nikamwambia imeandikwa."

Mdogo wangu akageuka taratibu. "Ulijua?"

"Nilijua."

Mdogo wangu alitoka akaenda kukaa kwenye benchi la ukumbini, na mumewe alipomfuata akahamia benchi jingine.

Daktari alitueleza kwa haki. Alisema kidonda kilikuwa kibaya tangu mwanzo, na kwa mwenye kisukari hakuna anayeweza kuapa kwamba dozi kamili ingetosha. Lakini akasema pia kwamba dawa pungufu ilikipa kidonda nafasi. Jumatano wakamkata mama vidole viwili.

Nyumbani kwao siku tisa zilipita bila mke kumsemesha mume. Anapika, anaweka, anaondoka. Kutwa aliandika barua mwenyewe kwa mkuu wa kituo, akaeleza kila kitu, na mkuu akamtoa dirishani, akampeleka stoo kuhesabu maboksi. Siku ya kumi mdogo wangu akapangusa vumbi, akainua redio, akaiona ile bahasha. Akaifungua. Ilikuwa orodha ya maneno yote ya lebo, yameandikwa kwa mkono, na mbele ya kila sentensi pameachwa nafasi ya kusahihisha. Mstari wa kwanza ulisema hivi: *"Mwalimu, hii ya kila saa 8 inanitia shaka. Wewe huwa unawaambiaje watu?"*

Aliibeba akaiweka mbele ya mumewe, juu ya sahani. Hayo ndiyo maneno ya kwanza aliyompa baada ya siku zote zile, na hayakuwa hata yake. Kutwa akasoma. Mwanamume wa miaka hamsini na mbili akalia mbele ya watoto wake, na mdogo wangu, ambaye alikuwa ameapa hatamgusa, akajikuta amemshika bega.

Kesho yake Kutwa alikwenda hospitali kumwona mkwewe kwa mara ya kwanza akiwa peke yake. Mimi nilikuwa nyuma ya pazia naosha vyombo, nikasikia yote, na siombi radhi.

Mama alianza kwa mzaha, ndivyo alivyo. "Karibu, mwanangu. Umeona? Nilikuwa navyo kumi, vimebaki vinane. Sasa hata mguu wangu umeshika saa."

Kutwa hakuweza kucheka. Akapiga magoti sakafuni, akaomba msamaha. Mama akamwacha aseme mpaka mwisho. Kisha mzaha ukamtoka, akamuuliza kwa upole, na upole ule ulimuumiza kuliko kofi:

"Siku ile ningekuuliza mara ya pili, ungenijibu?"

Kutwa akainua uso. "Sijui, mama," akasema.

"Basi nenda ukajue," mama akamwambia. "Mimi nikitoka hapa nitakunywa dawa mpaka nife. Nataka wa kumuuliza."

Akaenda. Zamu ya pili ya mafunzo ilipoanza alikaa benchi la mbele, kati ya vijana ambao angeweza kuwazaa. Siku ya kujitambulisha wengine walitaja vituo vyao. Yeye alisimama akasimulia habari ya mkwewe bila kuficha neno, mpaka vijana wakaacha kuandika. Nilidhani atarudi amevimba kichwa kwa jinsi anavyojua mengi. Jioni ile alipita kibandani, akakaa kwenye kigoda, akatazama viatu vyake.

"Shemeji, kuna dawa nimewaambia watu waimeze na maziwa miaka ishirini, nikidhani nawatunza tumbo. Kumbe maziwa huifunga, haifanyi kazi." Akatikisa kichwa. "Miaka ishirini, nikiwa na sauti nzuri kabisa."

Lakini si kuchukua tu, alitoa pia. Yeye na mfamasia walikaa na orodha ile jioni nne. Binti analeta kilichoandikwa vitabuni, yeye anasema mtu wa sokoni atakavyokisikia. Waliliondoa "kila saa 8" kwenye mashine, pakaandikwa asubuhi ukiamka, mchana, na usiku ukienda kulala, na panapohitajika saa zenyewe, zikatajwa moja moja na wakati wake. Mpaka leo mfamasia akipata dawa mpya humwita, "Mwalimu, njoo unisikilizie hii." Naye humjibu, "Nakuja, mwalimu." Wanaitana hivyo wote wawili, na hakuna aliyepungua kilo.

Alipopata cheti akaingia katika chumba cha pazia. Mama alikuwa ametoka hospitali, anatembelea fimbo. Alinituma nimpeleke siku ya kwanza kabisa, tena asubuhi na mapema, kwamba anataka awe wa mbele. Nikamkalisha kitini, nikasimama mlangoni.

Kutwa akamuuliza anakunywa nini kingine. Akampima presha. Akamwonyesha vidonge, akamweleza cha asubuhi na cha usiku, na kwa nini. Akamwomba arudie. Mama akarudia barabara, neno kwa neno. Kutwa akapumua.

Kisha mama akaweka fimbo mapajani, akamtazama. "Mwanangu," akasema, "nizinyweje?"

Kutwa akashangaa. Nusura aseme, mama, si umeshanieleza mwenyewe. Nilimwona akilimeza neno hilo. Akavishika vidonge upya, akaeleza tena tangu mwanzo, taratibu kama mara ya kwanza.

Mama akatikisa kichwa kuonyesha ameelewa. "Nizinyweje, mwanangu?"

Hapo Kutwa akaelewa anachoulizwa. Nje foleni inakohoa. Akasogeza kiti karibu, akaushika mkono wa mkwewe, akaeleza mara nyingine, na safari hii machozi yanamdondokea kwenye koti jeupe wala hakuyafuta. Mama alisikiliza mpaka neno la mwisho.

"Haya," akasema, akainuka na fimbo yake. "Sasa nimejibiwa. Ita mwingine."

FUNZO

Ndugu zangu, kwanza nawaambia ninyi mlioko kazini miaka mingi. Kuitwa mafunzo si kuambiwa hujui kitu. Kazi zinabadilika sura, na anayebadilika nazo hapotezi alichokuwa nacho, anakipeleka mbele. Mwalimu wako anaweza kuwa mtoto uliyemfuta kamasi. Kaa kwenye benchi. Utakuta kuna mahali umekuwa ukikosea kwa kujiamini, na kuna mahali wanakusubiri wewe uwasahihishe. Yote mawili utayakosa ukibaki nyumbani umejificha na makobazi yako yako mlangoni.

Ninyi vijana mlioleta mashine, mnapowaita wakubwa msiwaite kwa barua yenye muhuri peke yake. Binti yule alijua kuuliza, "Wewe huwa unawaambiaje watu?" Ulizeni hivyo mapema, na mkikosa jibu, msiichapishe lebo.

Nasi tunaopokea dawa, tuulize mara ya pili hata kama anayetoa ni mkwe wetu na foleni ni ndefu. Kuuliza si ujinga.

Na kubwa kuliko yote ni hili la kususa, maana limejaa majumbani na makazini kwetu. Mtu anaona kosa, anajua dawa yake, ananyamaza ili wakubwa waaibike. Wakubwa huwa hata hawasikii, wanatafuta funguo zao. Anayeumia ni aliyekuja dirishani ameinama, amekuamini. Mama yetu anatembea na fimbo, na kila nikimsikia anakuja uani, natambua kwamba mimi na shemeji yangu tulijua, tukacheka, tukakaa kimya. Ukijua, sema.